Kompyuta mpakato haifungui BIOS: kwanza hakikisha imezimwa kwelikweli

Umebonyeza F2 mpaka kidole kimekufa ganzi, na kila mara Windows inafunguka kana kwamba hujagusa kitu. Ulichotaka ni kidogo tu: kuwasha mashine kwa flashi badala ya diski, kuruhusu mashine pepe, au kuzima Secure Boot (kinga inayokataa kuwasha mfumo usio na saini inayotambuliwa) usakinishe Linux. Baada ya jaribio la kumi unaanza kuamini kwamba BIOS imekufa.

Mara nyingi iko hai. BIOS, au UEFI iliyoirithi kwenye mashine za miaka hii, ndiyo fimwea ya kompyuta: programu iliyohifadhiwa kwenye chipu ndogo ya ubao mkuu. Huamka kabla ya kila kitu, hukagua kumbukumbu na diski, kisha huikabidhi Windows au Linux usukani. Ikifa, hakuna wa kukabidhi. Utabaki na skrini nyeusi na feni inayozunguka bure. Mashine inayokufikisha ndani ya Windows kila siku ina fimwea inayofanya kazi, hata kama ina kasoro zake. Basi jiulize: mashine imekataa kukufungulia, au haikusikia ulipobisha hodi? Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni namna ya kubisha ukasikika. Habari za kukataa nimeziweka mwishoni, kwa sababu ni nadra na tiba yake ni chungu.

Nitasema BIOS kote, hata pale mashine yako ina UEFI. Mafundi nao husema hivyo hivyo.

Kabla hujagusa chochote: ufunguo wa BitLocker

Hatua hii watu huiruka, kisha hulia. Kompyuta nyingi za Windows 10 na 11 huwa zimesimbwa diski kwa BitLocker, kinga ya Windows inayofunga data kwa ufunguo, bila mwenyewe kujua, hasa kama siku ya kwanza uliingia kwa akaunti ya Microsoft. Diski hiyo hujifungua yenyewe maadamu hali ya BIOS haijabadilika. Ukigusa Secure Boot, ukirudisha mipangilio ya kiwandani au ukisasisha BIOS, Windows inaweza kushuku wizi na kukudai ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48. Kama huna, huenda ukaziaga data zako.

Kwa hiyo fungua akaunti yako ya Microsoft kwenye simu, tafuta ufunguo wa mashine hiyo, uandike kwenye karatasi. Halafu, kabla tu ya kuingia BIOS, fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike:

manage-bde -protectors -disable C:

Amri hii haisimbui diski. Inasimamisha ulinzi kwa muda, nao hurudi wenyewe Windows inapowaka tena. Maana yake ni kwamba utaiandika upya kila safari unayokwenda kubadilisha kitu.

Iachie Windows ifungue mlango

Mimi huanza hapa, kwa sababu hapana kitufe cha kubahatisha. Shikilia Shift, na ukiwa bado umeishikilia bofya alama ya umeme kisha "Restart". Itatokea skrini ya bluu. Chagua "Troubleshoot", halafu "Advanced options", halafu "UEFI Firmware Settings", kisha "Restart". Mashine itazima na kuibukia ndani ya BIOS bila wewe kugusa F2. Njia hii inafanya kazi hata kwenye skrini ya kuingilia, kabla ya kuandika nywila ya Windows.

Anayependa amri aandike hii, pia kama msimamizi:

shutdown /r /fw /t 0

Mara ya kwanza huenda ikajibu kwa kosa namba 203. Irudie vilevile ilivyo. Mara nyingi ya pili hupita.

Kwenye Linux yenye systemd (programu inayoendesha huduma za mfumo), amri ni systemctl reboot --firmware-setup. Menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo wakati Linux inawaka, nayo mara nyingi huwa na mstari wa "UEFI Firmware Settings" chini kabisa, ambao watu wanaupita kila siku bila kuuona.

Na kama Windows yenyewe haiwaki? Washa mashine, na nembo ya Windows ikitokea, shikilia kitufe cha umeme mpaka izime. Fanya hivyo mara mbili au tatu. Windows itaona imeshindwa kuwaka mfululizo na itakuletea skrini ileile ya bluu. Si njia ya kistaarabu, na sipendi kuitumia kwa mashine ambayo diski yake tayari inakwaruza, lakini inafika.

Ukilikosa kabisa chaguo la "UEFI Firmware Settings", usidhani limeharibika. Bonyeza Windows+R, andika msinfo32, utazame mstari wa "BIOS Mode". Ukisomeka "Legacy", Windows yako imesakinishwa kwa mtindo wa zamani na haina namna ya kuiomba fimwea ifunguke. Kwenye Linux, kutokuwepo kwa folda ya /sys/firmware/efi kunasema jambo lilelile. Hapo imebaki njia ya kitufe. Na ukishaingia, usikimbilie kubadilisha Legacy kuwa UEFI: Windows iliyo kwenye diski ya mtindo wa MBR (mpangilio wa zamani wa kugawa diski) haitawaka tena mpaka uibadilishe diski kwanza, kazi ambayo zana ya mbr2gpt iliyo ndani ya Windows tangu 2017 huifanya.

Kuzima ambako si kuzima

Windows 8 ilipotoka mwaka 2012 ilikuja na Fast Startup. Tangu hapo, ukibofya "Shut down", Windows hufunga programu zako lakini kiini chake hukihifadhi kwenye diski, kama mtu aliyelala usingizi mzito na nguo zake. Ukiwasha kesho yake, haiamki upya. Inaendelea pale ilipoishia. Microsoft wenyewe walieleza, walipokuwa wakiandaa toleo hilo, kwamba kwenye mashine yenye SSD (diski ya kasi isiyozunguka) muda unaobaki wa kusikiliza kitufe kama F2 au F8 umeshuka chini ya milisekunde 200. Hakuna kidole cha binadamu cha kutegemea hapo. Ndiyo maana njia ya kuingia BIOS kutoka ndani ya Windows ilibuniwa.

Kuna jambo linalowachanganya wengi. "Restart" ndiyo huzima na kuwasha kikamilifu; "Shut down" ndiyo ya nusunusu. Kwa hiyo ukitaka kujaribu kitufe, usizime kisha uwashe. Bofya "Restart", na skrini ikishakuwa nyeusi tu, anza kubonyeza. Ukilazimika kuzima kabisa, shikilia Shift unapobofya "Shut down", na Fast Startup itarukwa kwa safari hiyo.

Kuiondoa moja kwa moja, ingia Control Panel, "Power Options", "Choose what the power buttons do", bofya maandishi ya "Change settings that are currently unavailable", kisha ondoa tiki ya "Turn on fast startup". Kwa mashine yenye SSD tofauti ya kasi utaiona kidogo sana, na kwa maoni yangu haifai kuumiza kichwa kwa ajili yake.

Usichanganye hiyo na Fast Boot, ambayo inakaa ndani ya BIOS yenyewe. Hii huruka ukaguzi wa baadhi ya vifaa, pengine hata kibodi ya USB, ili kuokoa sekunde moja au mbili. Ukifanikiwa kuingia, izime kabla ya kutoka, usije ukarudi mwanzo wiki ijayo.

Kitufe kipi, na kinafika?

Dell, Acer, ASUS, Samsung na Toshiba nyingi za karibuni hutumia F2. HP hutumia F10, au Esc kwanza ukapewa orodha, ndani yake F10. ThinkPad ni F1, au Enter ya kusimamisha uwashaji kisha F1. Lenovo za kawaida ni F2. MSI ni Delete. Microsoft Surface haina kitufe cha F kwa kazi hii: ikiwa imezimwa, shikilia kitufe cha kuongeza sauti, bonyeza cha umeme ukiachie, na uendelee kushikilia cha sauti mpaka BIOS itokee.

Lenovo nyingi zisizo ThinkPad zina siri nzuri: kitufe cha Novo. Kipo kando ya cha umeme, au ni kitundu ubavuni chenye alama ya mshale uliopinda, unakidunga kwa kibanio cha karatasi mashine ikiwa imezimwa. Hukuletea menyu yenye "BIOS Setup". Kama una mashine hiyo, sahau habari za kubahatisha F2.

Sasa, je, kitufe chenyewe kinafika? Kuna kipimo cha nusu dakika ambacho ningetamani ningekijua mapema. Ndani ya Windows, chagua faili lolote mara moja, halafu bonyeza F2. Jina la faili likiwa tayari kuandikwa upya, kitufe ni kizima. Sauti ikipungua, mwanga ukibadilika au maikrofoni ikizimwa, basi safu ya juu ya kibodi yako imepewa kazi za media, na wakati wa kuwasha huenda ukahitaji Fn+F2. Kwenye mashine nyingi Fn+Esc hugeuza mpangilio huo. Na kisipofanya lolote, kwa Fn wala bila Fn, kitufe kimekufa, na umekuwa ukigonga mlango kwa mkono uliokatika. Nilishawahi kufungua mashine hadi ubao mkuu na kuchomoa betri zote mbili, kumbe tatizo lilikuwa tone la chai kavu chini ya F2.

Kwa kitufe kilichokufa, chomeka kibodi ya USB ya waya, moja kwa moja kwenye mashine, si kupitia kigawanyio. Kibodi ya Bluetooth kwa kawaida haisaidii, kwa sababu huunganishwa na Windows, na Windows bado haijaamka. Zile zisizo na waya zenye kipokezi kidogo cha USB mara nyingi hukubali, kwa kuwa fimwea huziona kama kibodi ya kawaida.

Namna ya kubonyeza nayo ina maana. Gonga mara mbili hivi kwa sekunde tangu unapogusa kitufe cha umeme, usisubiri nembo. Kushikilia bila kuachia kwenye mashine fulani husomeka kama kitufe kilichokwama. ASUS ni tofauti: hapo shikilia F2 kwanza, ndipo ubonyeze umeme, na usiachie mpaka BIOS itokee.

Imefunguka, ila huioni

Kuna wakati hodi imesikika na mlango umefunguliwa, lakini skrini ni nyeusi. Kama una skrini ya nje au kituo cha kuunganishia, BIOS inaweza kuwa inajionyesha huko, tena skrini ikiwa imezimwa. Chomoa kila kitu: HDMI, flashi, kadi ya kumbukumbu, kipanya, printa, diski ya nje. Baki na chaja tu. Kinyume chake pia ni kipimo: skrini ya mashine ikiwa nyeusi daima, chomeka ya nje uone kama BIOS imo.

Kuchomoa vifaa hutibu pia ugonjwa wa kuganda. Nembo ya kiwanda ikitokea, maneno ya kuingia BIOS yakaonekana, halafu kila kitu kikasimama, mara nyingi fimwea inakisubiri kifaa kisichojibu. Wakati mwingine kifaa hicho ni diski ya ndani. Ukiweza kufungua kifuniko cha chini, zima, tenganisha betri, kisha chomoa SSD. Ukiiwasha bila diski, mashine haina mahali pa kwenda: ama itaingia BIOS yenyewe, ama itasimama kwenye ujumbe wa kukosa diski na kukusubiri ubonyeze kitufe kwa raha zako. Hii ndiyo njia ya uhakika kuliko zote za kitufe, na ajabu ni wachache wanaoikumbuka.

Kukausha umeme

Zima, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, na ushikilie kitufe cha umeme kwa sekunde 30. Rudisha, washa. ThinkPad zenye betri ya ndani zina kitundu chini ya mashine kwa kazi hii. Dell kadhaa hufuta kumbukumbu za saa na mipangilio ukishikilia umeme sekunde zipatazo 30 chaja ikiwa imechomekwa. Itakaa kimya na kuwaka yenyewe mara kadhaa, usiiguse.

Ipo pia betri ndogo ya ubaoni, mara nyingi CR2032 ya volti 3, iliyofungwa kwa plastiki na kuunganishwa kwa waya. Ikichoka, saa hurudi miaka nyuma kila ukizima na utaona onyo la CMOS (kumbukumbu ndogo ya saa na mipangilio). Ibadilishe, ni rahisi. Ila usitarajie miujiza: kwenye mashine za UEFI mipangilio mingi iko ndani ya chipu yenyewe, haitegemei betri, kwa hiyo kuichomoa hakufuti kila kitu kama zamani. Mashine nyingine mpya hazina hata betri hiyo.

Inapokataa kweli: nywila

Ukiombwa nywila usiyoijua kabla ya BIOS kufunguka, hapo mashine imekusikia vizuri na imekataa. Nywila hii haihusiani na ya Windows. Usibahatishe ovyo, mashine nyingi hujifunga baada ya makosa matatu mpaka uzime na kuwasha tena.

Ikiwa ni mashine ya kazini, aliyeiweka ni idara ya TEHAMA, na njia ya haki ni kuwaomba wao. Ikiwa ni yako na umesahau, watengenezaji kadhaa watakusaidia kwa uthibitisho wa ununuzi. ThinkPad ndiyo ngumu kuliko zote: nywila ya msimamizi ikisahaulika, jibu rasmi la Lenovo ni kubadilisha ubao mkuu. Kwa hiyo ukinunua mashine iliyotumika, kabla hujatoa pesa iwashe, ingia BIOS mbele ya muuzaji, ubadilishe kitu kimoja na kuhifadhi. Akikwambia haina haja, ondoka.

BIOS yenyewe ikiwa mgonjwa

Dalili zake ni hizi: inafunguka lakini haihifadhi unachobadilisha, inaganda ndani ya menyu hata bila kifaa chochote, au inakataa kabisa kuwasha kutoka flashi. Mwishoni mwa 2017 Ubuntu 17.10 iliondolewa kwa muda kwenye upakuaji kwa sababu ya hali kama hiyo: dereva mmoja (programu ya kuendesha kifaa) wa chipu za Intel alivuruga fimwea za laptopu kadhaa, nyingi zikiwa Lenovo, zikawa hazihifadhi mipangilio. Toleo lililorekebishwa lilitoka Januari 2018. Mwaka 2013 laptopu za Samsung zilikufa kabisa baada ya hifadhi ndogo ya fimwea kujazwa data kupita kiasi. Kwa sababu hiyo, ukiwa Linux, usifute mafaili ya /sys/firmware/efi/efivars kwa mkono hata ukiambiwa na nani. Ukitaka kuondoa maingizo ya uwashaji yasiyotumika, tumia efibootmgr.

Tiba ya kwanza ni kusasisha, na huhitaji kuingia BIOS ili uisasishe. Pakua faili la modeli yako hasa kutoka kwa mtengenezaji, simamisha BitLocker, chomeka chaja, uliendeshe ndani ya Windows. Kwenye Linux, zana ya fwupd hufanya kazi hiyo kwa mashine zinazokubaliwa. Umeme ukikatika katikati ndipo BIOS hufa kweli, kwa hiyo betri iwe imejaa pia.

Ikishakufa, Dell na HP nyingi zina mlango wa dharura. Dell: mashine ikiwa imezimwa na chaja imechomolewa, shikilia Ctrl+Esc, chomeka chaja, uachie skrini ya urejeshaji ikitokea. HP: shikilia Windows+B, bonyeza umeme sekunde mbili au tatu, achia umeme peke yake, skrini inaweza kubaki nyeusi karibu dakika nzima kabla ya kuanza.

Hilo likishindikana, kinachobaki ni fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu moja kwa moja. Muulize mambo mawili kabla hujamwachia. La kwanza, je, atapima volti ya chipu? Nyingine ni za volti 1.8, na kifaa cha volti 3.3 huziunguza. La pili, je, atanakili yaliyomo kabla ya kufuta? Ndani ya chipu ile kuna namba ya utambulisho ya mashine yako na, kwa zilizouzwa na Windows 8 au zaidi, mara nyingi ufunguo wa leseni. Akiandika juu yake faili la mashine ya mtu mwingine, itawaka ikiwa na namba ya mtu huyo.